Uchambuzi: Huduma ya Kuua Kunguni Dar es Salaam, na Umuhimu wa Ziara ya Pili

Habari zenu, watazamaji. Leo ninachambua huduma ya kuua kunguni, ambayo nimeilipia mara mbili mwaka huu kwa kampuni mbili tofauti, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita huku Sinza.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu. Kijana alifika na bomba la mgongoni, akapuliza sakafu, kuta na godoro kwa dakika 20, kisha akaondoka bila kuinua hata chaga moja. Usiku ule tulilala vizuri, lakini siku ya tisa mwanangu aliamka na mapele yaliyojipanga mstari mkononi. Dawa nyingi za kupuliza haziui mayai, na mayai ya kunguni huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Isitoshe, kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya piretroidi, ambazo ndizo zilizozagaa madukani.

Kampuni ya pili ilinitoza karibu mara mbili ya bei hiyo, na ninasema bila kusita kwamba ilistahili. Fundi alikagua kwa tochi karibu saa nzima kabla ya kugusa dawa. Alikifungua kitanda, na ndani ya tundu la skrubu, upande wa kichwani, akanionyesha mayai meupe, madogo kama punje za chumvi, yaliyogandamana, na pembeni yake vidoa vyeusi vya kinyesi mithili ya wino. Kitanda hicho nilikuwa nikikipangusa kila wiki! Akapitisha mvuke kwenye mishono ya godoro na ya kochi, kwa kuwa joto linalozidi nyuzi 50 huua mayai pamoja na kunguni wakubwa, ndipo akapuliza dawa kwenye nyufa.

Kisha aliomba kuzungumza na mama mwenye nyumba, kwa sababu kunguni hupenya kwenye nyufa za ukuta na matundu ya nyaya, na chumba kimoja kikiachwa huwarudisha kwa wote. Majirani wanne walikubali vyumba vyao vikaguliwe, nami nawashukuru sana, maana wengi huona aibu, ilhali kunguni huletwa na mizigo na makochi ya mitumba hata kwenye nyumba safi kabisa.

Kabla hujalipa, omba uione lebo ya dawa yenyewe na uulize kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu nchini. Anayekuja na dawa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mwache aende zake. Tarehe ya ziara ya pili, wiki mbili baadaye, iandikwe kwenye risiti. Hapo ndipo kampuni hii ya pili ilipopungukiwa, kwani nilipiga simu mara tatu ndipo wakaja, siku ya 17.

Fundi aliniachia vikombe vya plastiki vilivyopakwa poda ndani, vya kuweka chini ya miguu ya kitanda ili kunguni anayepanda ateleze na kunaswa. Ninavikagua kila Jumamosi, na hii ni wiki ya sita vikiwa vitupu.