Uzoefu wangu na Bravecto: mbwa mlinzi, paka wawili na nyumba yenye kupe Kisauni

Mbwa wangu Doria nampa kidonge cha Bravecto, dawa ya kuua kupe na viroboto, na sina mpango wa kubadilisha. Ila sababu zilizonifikisha hapo zinaweza kukupeleka wewe kwenye dawa nyingine kabisa, kwa hivyo tafadhali usiishie kwenye jina.

Doria ni jike wa kienyeji mwenye kilo 23. Usiku analinda ua, Jumapili asubuhi anakwenda na vijana wangu kuogelea baharini. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe zenye nyufa kila upande, na Mombasa joto na unyevu haviondoki mwaka mzima, kwa hivyo kupe hawana msimu wa kupungua wa kuaminika. Anayetusumbua ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Huyu hahitaji nyasi wala ng'ombe. Akishashiba damu anajiangusha, anapanda ukuta, anajificha kwenye ufa, na jike mmoja anaweza kutaga mayai elfu kadhaa humo humo ndani. Ukiona kupe karibu na dari ya chumba cha kulala, jua ndiye.

Tena hafyonzi damu tu. Anaambukiza erlikia, ugonjwa wa bakteria wa damu, na babesia pia, kijidudu kinachopasua chembe nyekundu za damu. Mbwa anapata homa, anagoma kula, ufizi unakuwa mweupe. Wengine hutoka damu puani, na kwa babesia mkojo huweza kugeuka wa rangi ya kahawa. Wapo mbwa mtaani kwetu waliokufa kwa homa za namna hii, na wenyewe wakadhani wamelishwa sumu na wezi.

Nilianzia duka la dawa za mifugo. Muuzaji alinitolea chupa ya soda iliyomiminiwa dawa, haina lebo. "Mama, hii kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, mmwagie, kupe wote chini." Nikamuuliza ni dawa gani. Amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe. Amitrazi ni dawa ya kweli na inaua kupe, na ipo inayotengenezwa kwa ajili ya mbwa kwa kipimo chake. Lakini ukikosea nguvu yake, au mbwa akilamba manyoya yangali mabichi, analegea, moyo unapiga polepole, sukari ya damu inapanda. Na chupa isiyo na lebo haina jina, haina kipimo, haina tarehe ya kuisha. Ikitokea shida usiku, daktari akuulize mbwa ametumia nini, utamjibu nini? Sikuinunua. Naomba sana nawe usinunue, hata kama muuzaji ni mtu unayemjua na anakuuzia kwa nia njema.

Wengine walinishauri sindano ya ivermektini. Hiyo kwa kupe na viroboto haitegemeki, na wapo mbwa, hasa wa jamii ya Collie, waliozaliwa na kasoro ya kurithi inayofanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo na kuwadhuru vibaya. Oili chafu ya gari, ambayo wengine humpaka mbwa, ni sumu, sina zaidi la kusema. Majani ya mwarobaini ya kuchemsha nayajua tangu utotoni na sina ugomvi nayo, lakini hayawezi kusafisha mbwa aliyejaa kupe. Kitunguu saumu kwenye chakula usithubutu: kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, zile zile zinazoliwa na babesia.

Kilichopunguza orodha yangu kuliko vyote ni paka. Nina wawili wa ndani, bila kuhesabu wale wa mtaa wanaoingia kwa madirisha, na wanalala wakiegemea tumbo la Doria. Dawa nyingi za mbwa, za poda, za kupulizia na za matone ya mgongoni, zina pemethrini, ambayo kwenye lebo huandikwa permethrin. Mbwa anaistahimili. Paka ini lake haliwezi kuivunja vizuri, na tone la dawa ya mbwa likimpata anaanza kutetemeka, anapata degedege, na anaweza kufa. Hata kumlamba mbwa aliyetoka kupakwa kunatosha kumdhuru. Mombasa hii ambapo paka wako kila kibaraza, nashangaa neno hilo halisemwi kwa sauti kila dawa hizo zinapouzwa.

Nikabaki na njia tatu. Matone ya fipronili, kama Frontline, ni dawa ya miaka mingi na ipo ya paka pia, ila ni sumu kwa sungura, na mbwa haogeshwi siku 2 kabla na siku 2 baada ya kupakwa. Kwa mbwa wa baharini huo ni usumbufu. Kola ya Seresto, yenye imidaklopridi na flumethrini, hufanya kazi hadi miezi 8, na ukigawanya bei kwa miezi ni nafuu. Lakini mwanangu mdogo humkumbatia Doria shingoni kutwa, na sikutaka dawa ikae pale pale anapoweka uso. Kidonge kinaingia mwilini, manyoya yanabaki hayana kitu. Hilo ndilo lililoamua.

Daktari wa mifugo alimpima Doria kwenye mizani kwanza, kisha akauliza swali nililofurahi kulisikia: amewahi kupata kifafa? Dawa iliyomo kwenye Bravecto ni fluralaneri, ya kundi la isoksazolini, pamoja na zile za NexGard, Simparica na Credelio. Inavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa waliopewa dawa za kundi hili hutetemeka, huyumba au hupata degedege, hata wasiokuwa na historia hiyo. Haikuziondoa sokoni, iliendelea kuzihesabu salama kwa mbwa walio wengi. Doria hana historia ya kifafa, nikakubali, na siku ya kwanza nilimweka karibu nimwangalie. Lebo inataja pia kutapika, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Kwake sijaona hata moja.

Alipewa kidonge cha miligramu 1,000, cha mbwa wa zaidi ya kilo 20 hadi 40, pamoja na chakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi vizuri. Kimoja ni cha wiki 12. Viroboto waliondoka haraka. Kupe nilianza kuwaokota chini wakiwa wamekauka.

Jambo moja ujue kabla hujalaumu: kidonge hakimzuii kupe kupanda. Lazima aume ndipo afe, na hilo huchukua saa kadhaa, kwa hivyo hatari ya ugonjwa inapungua, haiishi. Bado namkagua Doria masikioni na katikati ya vidole. Nikimkuta kupe aliyeng'ang'ania nambana kwa koleo dogo karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala kiberiti, na simpasui kwa vidole. Nyufa za banda lake tumeziba kwa saruji, matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kwa viroboto usafi huu ni nusu ya tiba, maana mayai na buu wao wako sakafuni na kwenye mikeka, na pupa, yaani kiroboto aliye bado ndani ya kifuko chake, wanaweza kusubiri miezi kabla ya kutoka.

Bei ni maelfu ya shilingi, si mamia, na najua kwa wengi hilo ni zito. Ndiyo maana watu hununua kidonge cha mbwa mkubwa na kukigawanya kwa wadogo. Mtengenezaji anakataza kukivunja. Ukiwa na mbwa kadhaa, afadhali umwambie daktari bajeti yako wazi akupangie dawa ya bei ya chini inayolingana na kilo za kila mmoja.

Watoto wa mbwa walio chini ya wiki 8 au chini ya kilo 2 kidonge hiki si chao. Hao wachane kwa chanuo la meno ya karibu karibu, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uwakaushe vizuri, na mama yao ndiye umpeleke kwa daktari atibiwe. Bravecto inaruhusiwa hata kwa anayenyonyesha.