Hali nzuri sana, kumbe seloteipu

Kila nikiikumbuka ile seloteipu damu inanichemka.

Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta toleo lolote la Saturday Evening Post, lile jarida la Marekani, lenye jalada la mtoto wa Mwaka Mpya, yaani kichanga kinachowakilisha mwaka unaoanza, aliyechorwa na J. C. Leyendecker. Watu wengi wanamkimbilia mchoraji mwenzake Norman Rockwell, aliyeingia pale mwaka 1916. Leyendecker alikuwa keshaanza tangu 1899, na mpaka anaacha mwaka 1943 alikuwa amewachorea majalada 322. Watoto wake ndio ugonjwa wangu.

Basi nikalipata mtandaoni. "Hali nzuri sana," ndivyo tangazo lilivyosema. Kufungua kifurushi, uti wote umebandikwa seloteipu juu mpaka chini, ya siku nyingi, imeshakuwa rangi ya chai, gundi imepenya hadi karatasi inaangaza kama iliyodondokewa mafuta. Imekula mpaka goti la mtoto! Nikarudi kwenye picha za tangazo: zote zimepigwa kwa upande, uti hauonekani hata katika moja. Hapo huniambii ni bahati mbaya.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu lake: "Ndugu, hilo ni la zamani, ulitaka linukie kiwandani?" Kisha kimya.

Jamani, uzee naujua. Karatasi zile zina lignini, dutu itokayo kwenye mbao, mwanga na hewa lazima vizigeuze njano. Pini zenye kutu nazisamehe. Kile kikaratasi cha anwani ya msomaji wa kwanza, wengine wanakichukia, mimi nakipenda. Lakini seloteipu haioti kwa uzee. Kuna mtu aliibandika, na huyu akaificha. Wala usithubutu kuibandua. Niligusa ncha tu, ikaondoka na wino.

Nilishampa nyota moja na kamba ya kufungia mzigo wa kurudisha iko mkononi. Kosa langu ni moja: nikalitazama tena lile jalada. Ile mikwaruzo ya brashi ya Leyendecker, mistari ya mshazari aliyoiacha wazi kama mtu mwenye haraka, kwenye simu huioni hata ukikuza picha. Haya, nyota tatu. Hapana, mbili, maana hizo tatu ni za Leyendecker na yule bwana hana hata moja.

Sijalirudisha. Limelala kwenye mfuko wake, ubao usio na asidi nyuma, mbali na dirisha. Nikilitoa, naweka kiganja pale kwenye goti.