Uzoefu wangu: Beetle ya 1971, kutu chini ya fila, na karakana ya Kisumu iliyoifungua

Kazi ninayoipima hapa ni ya bodi kwenye Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971: kung'oa viraka vya zamani, kukata kutu, kuchomelea chuma kipya na kuziba. Ilifanywa na karakana ya jua kali upande wa Kibuye, Kisumu. Tulikubaliana wiki 4, zikawa 7. Rangi ya juu sikuwapa. Kwa chuma wako vizuri sana, kwa kuziba na kukinga ni wazembe, na ukiwajua hivyo unaweza kuwatumia bila majuto.

Kwa nje gari lilikuwa linang'aa. Njia ya haraka ya kulijua gari la namna hii ni sumaku ndogo ya friji, uifunge kwa kitambaa chembamba kisha uitembeze polepole. Kwenye paa ilishika barabara. Chini ya vioo vya pembeni vya nyuma ilishika kwa uvivu. Kwenye sentimita 15 za mwisho mbele ya gurudumu la nyuma la kulia ilianguka kabisa. Fundi akagonga hapo kwa mpini wa bisibisi, ikatoka sauti ya ubao. Akaniambia, "Mzee, hapa nikigusa na nyundo itatoboka." Nikamwambia agonge.

Kipande kilichobanduka kilikuwa na unene wa milimita 14. Ubavuni kilisomeka tabaka kwa tabaka: rangi nyeupe, praima (rangi ya msingi), fila (lahamu ya kusawazisha bodi) ya kijivu, rangi ya samawati, fila tena, halafu wavu wa mbu wa dirishani ulioshikizwa kwa resini, na nyuma ya wavu unga wa kutu uliolowa. Chuma hapakuwa nacho. Fila nzuri haipaswi kuzidi milimita 2 au 3, na kazi yake ni kusawazisha bati lililonyooshwa, siyo kuziba tundu. Fila ya poliesta ina unga wa talki ndani yake, kwa hiyo hunyonya maji. Ukiziba tundu kutoka nje, unyevu unaingia kutoka nyuma, unakaa kati ya fila na bati, na kutu inakula ukingo wa tundu pole pole bila mtu kuona. Povu dogo kwenye rangi huja mwisho kabisa, wakati eneo lililooza limeshakuwa mara kadhaa ya lile la mwanzo.

Hii ndiyo sababu namshauri kila mwenye Beetle asikubali bei ya kazi ya bodi kabla madigadi manne hayajatolewa. Yamefungwa kwa bolti tu, na bila kuyatoa huoni kitu. Nyunyiza mafuta ya kulegeza siku moja kabla, kwa sababu nati zake zimechomelewa ndani ya bodi. Bolti ikigoma ukailazimisha, nati inazunguka au inakatika, na fundi atalazimika kutoboa na kuchomelea nyingine.

Sasa chaneli za hita, ambako nusu ya kazi yote ilikwenda. Chini ya kila mlango kuna sanduku refu la chuma. Wengi wanaliita sili, lakini kwenye Beetle lina kazi zaidi: ndani yake hupita hewa moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma, nguzo za milango zimesimama juu yake, na kwa chini linafungwa kwenye sakafu kwa bolti za M8 (unene wa milimita 8), likiwa na mpira wa kuziba katikati. Chaneli ikioza mwenye gari husema mlango umeshuka, anabadilisha bawaba. Bawaba hazina kosa. Ni bodi inayokunjika katikati, mlango umebaki pale pale.

Kwenye gari hili mabomba ya hita yalikuwa yametolewa zamani, na mdomo wa nyuma wa kila chaneli ukaachwa wazi. Gurudumu lilikuwa linarusha tope la maramu moja kwa moja ndani. Tulipokata chaneli ya kulia tulikomba udongo mwekundu mabakuli mawili, ukiwa bado na unyevunyevu ingawa gari lilikuwa limekaa chini ya paa wiki mbili. Kama hutumii hita, ziba midomo hiyo kwa vifuniko vya mpira, na uhakikishe matundu ya kutolea maji upande wa chini yako wazi.

Fundi aliyetangulia, wa mji mwingine, alikuwa ameweka bati jipya juu ya lililooza na kulichomelea kwa gesi pembeni. Mabati mawili yakilaliana hivyo bila kinga katikati hunyonya maji kama utambi. Bati lake la geji 22, yaani kama milimita 0.7, lilikuwa limetoboka kutoka ndani kuelekea nje. Kiraka cha namna hiyo hukiokoi. Hakuna dawa ya kutu inayofika katikati ya mabati mawili.

Kabla ya kukata, haya karakana iliyafanya bila kuambiwa, na ndiyo yaliyonifanya niwaamini. Waliondoa betri na kuchomoa nyaya za jenereta. Walitoa tangi la mafuta, ambalo kwenye Beetle liko mbele, halafu wakapuliza hewa kwenye bomba la petroli mpaka likakauka. Bomba hilo hupita ndani ya taneli ya katikati ya sakafu. Sakafu huchomelewa kwenye ukingo wa taneli hiyo hiyo, kwa hiyo fundi asiyejua anachomelea sentimita chache kutoka kwenye petroli. Ukisikia fundi anasema haina haja ya kugusa tangi kwa sababu anafanya kazi katikati ya gari, chukua gari lako uondoke.

Kisha wakafunga mlango kwa mifupa: bomba la mraba la inchi 1, moja likivuka uwazi wa mlango, moja likikatiza kutoka kona ya juu hadi ya chini, na jingine likiunganisha nguzo ya kulia na ya kushoto. Vipimo vya kona kwa kona viliandikwa kwa kalamu kwenye utepe wa karatasi na kubandikwa kwenye dashibodi. Upande mmoja ulifanywa hadi mwisho ndipo wa pili ukafunguliwa. Bodi ilibaki imefungwa kwenye sakafu yake muda wote, na hilo ni sahihi, maana matundu ya bolti za sakafu ndiyo yanayoonyesha chaneli mpya inapaswa kukaa wapi.

Chaneli mbili niliagiza zikiwa tayari kutoka Nairobi, pamoja na nusu ya sakafu ya kulia. Sakafu ya kulia huoza kwanza nyuma kwa sababu betri imekaa chini ya kiti cha nyuma upande huo, na asidi ikimwagika inakula bati hata kwenye gari ambalo halijawahi kunyeshewa. Kabla ya kugusa hapo wasugue kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Yatatoa povu kwa kelele. Rudia mpaka povu likome, suuza, kausha. Pia walibandua lami ya kuzuia kelele iliyopakwa sakafuni kiwandani. Ikishapasuka, maji hujificha chini yake, na sakafu inayoonekana nzima inaweza kutobolewa kwa kidole.

Sehemu nyingine walitengeneza wenyewe. Geji 18, yaani milimita 1.2, ilitumika kwenye sehemu zinazobeba nguvu. Geji 20, takribani milimita 0.9, ilitumika kwenye bati la nje. Walikata kutu mpaka chuma kinachong'aa, halafu sentimita 2 zaidi. Viungo vya bati la nje vilikutanishwa ukingo kwa ukingo bila kulaliana, vikiachiwa nafasi ya kama milimita 1, na nyuma yake wakashikilia bomba la shaba la friji lililopondwa likawa bapa. Shaba haishikani na chuma, inachukua joto, na inazuia kutoboka.

Mashine ya kuchomelea ilikuwa ya stima, aina ya CO2, yenye waya wa milimita 0.8. Alama moja ya kuchomelea, kuruka sentimita 3, alama nyingine, kisha kurudi kujaza katikati bati likiwa limepoa kiasi cha kushikwa kwa mkono. Ndiyo maana kazi hii ni ya polepole. Anayevuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja anakunja bati, halafu fila inaitwa kuficha mkunjo. Gesi ya kuchomelea kwa moto wazi ina joto linaloenea zaidi. Kwa bati la nje la Beetle, lenye mviringo kila mahali, nisingeikubali.

Shida iliyonichukulia wiki mbili ni stima. Mchana nguvu ilikuwa ikishuka, na alama ya kuchomelea inakaa juu ya bati bila kuingia. Kwa macho inaonekana sawa. Nilidai kipimo kila alasiri: vipande viwili vya bati lile lile vichomelewe, vibanwe kwenye jiriwa, vipigwe nyundo mpaka viachane. Bati likichanika pembeni ya kiungo, endelea. Kiungo chenyewe kikibanduka, funga mashine mpaka jioni. Fundi alinung'unika siku ya kwanza, siku ya tatu akawa anafanya mwenyewe kabla sijafika. Huyo ni fundi wa kweli.

Makosa yao yalikuwa matatu. La kwanza, upande wa kushoto waliondoa mifupa kabla ya kufunga bolti zote za sakafu, na mlango ukabaki na nafasi ya milimita 6 juu na 2 chini. Inatakiwa 3 au 4 kuzunguka kote. Walikata tena na kurudia bila kunitoza. La pili, niliwakuta wanapaka lami nyeusi juu ya viungo ambavyo havijapigwa hata praima. Lami juu ya chuma kitupu ni blanketi la kutu. Ilibidi ikwanguliwe yote kwa mafuta taa na kitambaa. La tatu, sehemu za mabati yanayolaliana, kama kwenye ukingo wa sakafu, ziliunganishwa bila praima ya zinki katikati. Hilo nililigundua limeshapita.

Baada ya hapo nilisimamia kuziba mwenyewe, hatua kwa hatua. Pale palipokuwa na vishimo vya kutu kwenye chuma kizima tulipaka asidi ya fosforiki ya kutibu kutu, tukasuuza kwa maji na kukausha kwa hewa siku hiyo hiyo. Isiposuuzwa, epoksi haishiki na hubanduka kama ganda. Kisha praima ya epoksi mikono miwili, silanti (gundi ya kuziba) kwenye kila kiungo, epoksi tena, na lami mwisho. Fila ilipakwa juu ya epoksi iliyosuguliwa kwa msasa namba 80, si juu ya bati tupu. Kipimo ni gramu 2 za hadna, yaani dawa ya kugandisha, kwa gramu 100 za fila. Mafundi huongeza hadna ili ikauke haraka, na matokeo yake ni vitundu vidogo, pamoja na doa linalopenya hadi kwenye rangi. Kwa joto la Kisumu, changanya kidogo kidogo na ufanye asubuhi.

Ndani ya chaneli ilipulizwa nta kwa mrija mrefu wenye tundu pembeni, lita 1 kwa kila upande, mpaka ikachuruzika kwenye matundu ya chini. Nta ije baada ya kuchomelea kote kwisha, la sivyo inawaka. Oili chafu ya injini ambayo wengi humwagia chini ya gari siipendekezi: inaozesha mipira na inazuia silanti kushika siku utakapotaka kurekebisha.

Vifaa nilinunua mwenyewe: bati moja la geji 18 la futi 8 kwa 4, nusu ya geji 20, waya kilo 5, epoksi lita 4, silanti mirija 7, nta lita 2, na diski za kukata za milimita 1 ambazo hazikutosha kamwe. Kazi ya mikono ilikuwa shilingi 72,000. Kwa chuma nawapa 5 kati ya 5, kwa kukinga 2, kwa muda 3. Waliniruhusu kukagua kila hatua na kupiga picha za bati tupu, na hilo ndilo swali la kwanza ningeuliza karakana yoyote. Hili ni gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Barabara mbovu haziliui. Linauawa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Masika moja yamepita tangu nilichukue. Nimefungua vifuniko vya chaneli na kuingiza kamera ndogo ya waya: nta ipo, hakuna tope, matundu yanatoa maji. Mlango wa kulia, ambao sikuufungua kwa sababu sumaku ilishika vizuri, umeota povu la ukubwa wa punje ya dengu kwenye ukingo wa chini. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na fila ya zamani. Nimelizibua kwa drili ya milimita 6, na mlango unarudi Kibuye mwezi ujao, safari hii na praima ya zinki ninayoibeba mimi.