Seva iko Mwanza, mimi niko Dar: uzoefu wangu na konsoli ya seriali

Nianze na hukumu yangu. Kwa anayetunza seva za Linux zilizo mbali, tena kwa intaneti zetu hizi za bando, konsoli ya seriali, yaani dirisha la maandishi matupu linalopita poti ya seriali ya seva, inafaa kuliko ile skrini ya picha inayofunguka kwenye kivinjari. Nimezitumia zote mbili, na siku hizi ya picha naifungua pale tu ninapolazimika kusimika mfumo mpya kutoka kwenye faili la ISO.

Ninayoizungumzia ni Serial over LAN (SOL), ambayo ni sehemu ya IPMI 2.0, kiwango cha kusimamia seva kutoka mbali kilichotoka 2004. Kwenye bodi mama ya seva nyingi kuna kompyuta ndogo ya pembeni iitwayo BMC. Ina anwani yake ya mtandao, na hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Hiyo ndiyo inayochukua maandishi ya poti ya seriali na kuyapitisha mtandaoni kupitia UDP 623. Kwenye laptopu naandika:

ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina -a sol activate

Naulizwa nenosiri, kisha unatokea mstari "SOL Session operational. Use ~? for help". Nabonyeza Enter, napata "login:", na seva iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka nilipo.

Kuhusu kasi, hesabu ni nyepesi. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila herufi hubeba biti 10 ukijumlisha ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo hupita herufi 960 kwa sekunde. Skrini nzima ya safu 80 kwa mistari 24 ni herufi 1,920, yaani sekunde mbili. Kwa 115200, ninayoitumia mimi, skrini hujaa kabla hujapepesa macho. Laini ya simu ikichechemea, bado kazi inakwenda. Konsoli ya picha ikikutana na mtandao wa namna hiyo, unabonyeza herufi moja inatoka mara tatu, na kwenye nenosiri hujui kilichoandikwa ni nini kwa sababu hakionekani. Isitoshe, maandishi yanahifadhika. Naiacha konsoli wazi ndani ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee hata nikiondoka, kwenye mashine ya ofisini ikiandika kila kitu kwenye faili. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikianguka usiku wa manane, asubuhi nasoma ujumbe wote tangu mwanzo, si ile mistari ya mwisho iliyogandia kwenye skrini.

Kilichonifanya niipende kabisa ni siku fundi wa huko alipoongeza kadi ya diski kwenye seva na kuiwasha upya. Seva ikawaka, taa zote kijani, lakini SSH, njia ya kawaida ya kuingia seva kwa mtandao, kimya. Nikaingia kwa konsoli na kuandika "ip link": kadi ya mtandao iliyokuwa ikiitwa enp3s0 sasa ni enp4s0. Linux huipa kadi jina kutokana na nafasi yake kwenye basi la PCI, na kadi mpya ikiingia, namba zinaweza kusogea. Mipangilio ya netplan, inayopanga mtandao wa Ubuntu kwa faili la YAML, ilikuwa bado inalitafuta jina la zamani. Nikabadilisha herufi moja, "netplan apply", mambo yakarudi. Bila konsoli ningekuwa kwenye simu namsomea fundi amri herufi kwa herufi, na aliyewahi kumsomea mtu faili la YAML kwa simu anajua nafasi moja ikizidi inakuwaje.

Lakini haiji tayari kwenye sahani. Kwanza uingie BIOS uwashe kile wanachokiita Console Redirection. Kwenye bodi ninazotumia, Serial over LAN iko COM2, ambayo Linux huiita ttyS1. Kisha kwenye /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB inayoiwasha Linux:

GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=1 --speed=115200"
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS1,115200n8"

Halafu "update-grub". Angalia mpangilio wa hizo console mbili (tty0 ni skrini ya seva yenyewe, ttyS1 ni seriali), maana ya mwisho ndiyo inayokuwa /dev/console. Ukiweka tty0 mwisho, mambo yataonekana sawa mpaka siku umeme umekatika, diski imegoma, na mfumo umeingia hali ya dharura. Hapo swali la nenosiri la root, mtumiaji mkuu wa mfumo, linaweza kuulizwa kwenye skrini ya Mwanza, kwako hakuna kitu. Na kama ni Ubuntu, utakuta "Cannot open access to console, the root account is locked", kwa sababu root huja imefungwa. Mpe root nenosiri mapema, lihifadhi mahali salama.

Kero zipo. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuwa ndani kwa wakati mmoja. Mtandao ukikukatikia katikati, ukirudi unaambiwa "SOL payload already active on another session", nawe ndiye huyo huyo wa kwanza. Dawa yake ni "sol deactivate", kisha unaanza upya. Kutoka ni ~. lakini kama umepitia SSH, SSH ndiyo itakayoisikia kwanza na kukutupa nje kabisa, andika ~~. au chagua alama nyingine kwa -e. Seriali pia haijui dirisha lako lina ukubwa gani, hivyo vi huchora ovyo mpaka uandike "stty rows 40 cols 120". F2 ya kuingilia BIOS nayo mara nyingi haipiti. Kwenye seva za Dell unabonyeza Esc kisha 2.

Usalama ndipo ninapoipunguzia alama. IPMI 2.0 ina kasoro iliyowekwa wazi 2013: mtu akijua jina la mtumiaji tu, BMC humkabidhi hashi ya nenosiri (nenosiri lililofichwa kwa hesabu) akaivunje nyumbani kwake kwa nafasi. Kasoro iko kwenye kiwango chenyewe, kwa hiyo usisubiri sasisho. BMC zangu hazigusi intaneti; ziko kwenye VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa, na njia pekee ya kuzifikia ni WireGuard, VPN ya kupita kwa siri.

Na hiyo WireGuard inapita kwenye modemu ya LTE yenye laini ya kampuni tofauti na ile inayoleta faiba. Laini za simu kwa kawaida hazina anwani ya wazi, basi modemu ndiyo inayonipigia mimi, na PersistentKeepalive ya 25, yaani ishara ndogo kila sekunde 25, inazuia njia isifungwe. Facebook walipoanguka tarehe 4 Oktoba 2021, njia yao ya akiba nayo haikufikika, ikabidi wahandisi wapelekwe kwenye vituo vyenyewe. Konsoli inayopita waya ule ule uliokatika haina kazi.

Swichi na ruta kwa kawaida hazina BMC, hizo nimezifungia Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye ser2net inayopitisha seriali mtandaoni, na kebo za USB za seriali. Ukienda Kariakoo, tafuta zenye chipu halisi ya FTDI. Kila moja huwa na namba yake, hivyo ndani ya /dev/serial/by-id hazibadilishani majina baada ya kuwasha upya.

Kuhusu bei, HPE na Dell hutoza leseni ya juu ili upate konsoli kamili ya picha, iLO Advanced na iDRAC Enterprise. Ile ya seriali imo tayari kwenye leseni ya chini. Kabla bosi hajasaini malipo, iwashe uitumie wiki kadhaa kwenye seva moja, ikiwezekana ile iliyo mbali zaidi.