Winmau Blade 6: ubao wa katani na mchezo wa baa uliogeuka ajira

Jina ni la Uingereza, lakini ubao wenyewe, wa kurushia vishale (darts), hutengenezwa Kenya na uso wake ni katani tupu. Nyuzi za mkonge hukatwa vipande vifupi, zikasimamishwa ncha juu, kisha zikabanwa kwa nguvu ndani ya pete ya chuma. Kishale hakitoboi kitu hapo: kinajipenyeza katikati ya nyuzi, na kikichomolewa nyuzi zinarudiana. Ubao wa karatasi iliyoviringishwa, ule wa bei ya kuchezea watoto, hauna uwezo huo. Eneo la 20 huanza kuchimbika mapema, na likishachimbika vishale havikai tena.

Faida kubwa ya Blade 6 iko kwenye waya. Mbao za zamani zilikuwa na waya za mviringo zilizoshikwa kwa pini, na kishale kikigonga pini kilikuwa kinaruka. Hapa pini hazipo. Waya ni nyembamba, zenye ukingo mkali, na zimezamishwa ndani ya katani, hivyo kishale kinachogusa waya mara nyingi huteleza kikaingia upande mmoja. Kuruka hakujaisha kabisa. Vikizidi kuruka, kagua ncha kabla ya kulaumu ubao. Ncha butu haipenyi, na ncha iliyochongoka kupita kiasi hujikunja kwenye waya, ikaota kibanzi cha chuma kinachovuta nyuzi nje kila unapochomoa. Isugue kwa jiwe la kunolea hadi iwe duara kidogo, na uchomoe kishale huku ukikizungusha.

Kufunga ndiko kunakoharibiwa na wengi. Kitovu cha jicho, yaani kiduara cha katikati ya ubao, kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni. Mstari wa kurushia uwe mita 2.37, na kipimo hicho huanzia usoni mwa ubao. Anayepima kutoka ukutani anaiba sentimita kadhaa bila kujua. Kuhakiki ni rahisi: vuta kamba kutoka kitovu cha jicho hadi kwenye mstari, ipate mita 2.93. Pete ya namba huchomoka, kwa hiyo zungusha ubao mara kwa mara ili 20 isibebe mapigo yote. Sogeza vipande viwili, vinne au sita, usisogeze kimoja, la sivyo 20 itaangukia kwenye kipande cheupe wakati inatakiwa kuwa nyeusi.

Na maji, hapana. Kulowesha ubao ni desturi iliyobaki tangu enzi za mbao za mti. Katani ikinyonya maji huvimba, uso ukatuna na waya zikainuka. Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja, ukuta unaopigwa na mvua kwa nje au ulio jirani na jiko haufai.

Sasa, kwa nini kitu hiki kinastahili uangalifu wote huu? Kwa sababu mchezo wenyewe unalipa, na sehemu ya sababu iko usoni mwa ubao. Kipenyo ni milimita 451, na pete za mara mbili na mara tatu zina upana wa milimita 8, iwe Nairobi au London. Kijana anayefanya mazoezi kwenye kibaraza anafanyia kipimo kilekile cha bingwa wa dunia. Kamera moja huubana ubao wote kwenye skrini, na hesabu ya kushuka kutoka 501 inamwambia hata mgeni nani anakaribia kumaliza: amebakiwa na 32, anatafuta 16 ya mara mbili, kishale kikiangukia 16 ya kawaida amebakiwa na 16 na anatafuta 8 ya mara mbili. Mtazamaji anajua cha kuomba kabla kishale hakijatoka mkononi.

Linganisha na bao la Kiswahili. Kwa ugumu wa akili, bao linavizidi vishale kwa mbali, hilo halina ubishi. Lakini kuna kete 64 kwenye mashimo 32, na mtaji mmoja, yaani mchezo wa kula kete za mpinzani, unaweza kuzunguka na kupindua kila kitu. Asiyecheza bao hawezi kutazama akajua nani anaongoza, na mdhamini hanunui muda wa watu wasioelewa wanachokiona. Skwoshi ina tatizo lake: mpira wa milimita 40, wenye kasi, ambao skrini iliuonea taabu kwa miaka mingi.

Hata hivyo ubao mzuri peke yake haukuleta pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 televisheni za Uingereza zilikuwa zimevipa vishale kisogo. Wachezaji wakubwa wakajitenga na chama cha zamani, na 1994 wakafanya ubingwa wao wa dunia, ukaonyeshwa na televisheni ya kulipia ya Sky. Chombo walichounda ndicho PDC ya leo, shirika la vishale vya kulipwa. Barry Hearn, promota wa michezo wa Uingereza, alikishika 2001, akauza kwa pamoja matangazo, tiketi na udhamini. Mwingereza Luke Littler alipotwaa ubingwa wa dunia wa 2025 akiwa na miaka 17 alipata pauni 500,000. Kwa ubingwa wa 2026 zawadi ya bingwa ilipanda hadi pauni milioni 1, na washiriki wakawa 128. Humo alikuwamo David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, aliyemtoa Mbelgiji Mike De Decker kwa seti 3-2 baada ya kuachwa 2-0. Ushindi huo mmoja ulimhakikishia pauni 25,000.

Usidanganyike, lakini: ngazi ni kali. Mchezaji hana mshahara, anaishi kwa zawadi na udhamini, na orodha ya ubora huhesabu pesa za miaka miwili. Mwaka mbaya unakufuata mwaka wa pili.

Tukirudi dukani. Blade 6 ya kawaida inatosha klabu nyingi. Toleo la Triple Core ni ghali zaidi na linalipa pale tu ubao unapopigwa kila siku na watu wengi. Tofauti hiyo ya bei ni heri iende kwenye taa ya mviringo inayoondoa vivuli na kwenye pete ya povu ya kulinda ukuta. Anayerusha kwa ncha za plastiki asiununue kabisa, maana zitavunjikia ndani ya katani.