Huduma ya bure ya ushauri wa madeni, mashariki mwa London

HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ilipotishia kumfilisi mume wangu kwa malimbikizo ya kodi yaliyozidi pauni 5,000, mshauri wa ofisi hii alipitia nasi hati ya nyumba tunayoimiliki kwa pamoja, akatueleza kwamba mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisiwa, angechukua fungu la mume wangu tu, ingawa baada ya mwaka 1 tangu kufilisiwa mahakama kwa kawaida hutanguliza maslahi ya wadai na yaweza kuamuru nyumba nzima iuzwe. Aliyasema waziwazi, nami namshukuru kwa hilo. Barua ya kuomba kulipa kwa awamu aliiandika papo hapo. Kasoro yao ni foleni: aliyepewa ilani ya kulipa deni ndani ya siku 21 hastahili kusubiri miadi wiki nzima.