Saa za kifahari zenye nyuso za michoro: kabla ya yote angalia mishale

Saa yangu ya kimondo iko kwenye droo. Niliitamani miezi kadhaa kabla ya kuinunua, uso wake ni kipande cha kimondo halisi kilichokatwa chembamba kikapitishwa kwenye asidi mpaka ile mistari yake iliyopishana ikatokea, mistari inayotokana na chuma na nikeli kupoa taratibu sana huko angani kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo hamna saa mbili za kufanana. Nzuri mno jamani. Ila haisomeki. Mishale yake ni ya rangi ya fedha, imeng'arishwa kama kioo, na uso nao ni wa fedha wenye mistari, basi mishale inazama humo humo. Nainua mkono, naugeuza kushoto, naugeuza kulia natafuta mwanga, mwisho natoa simu niangalie saa. Hela yote ile!

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue ipi simsemeshi habari za mashine wala za kuzuia maji, hayo kila muuzaji anayo mdomoni. Mimi naangalia mishale tu: inaonekana ukitupa jicho mara moja? Mfupi na mrefu vinatofautiana? Na ikipita juu ya mchoro, mchoro bado unaeleweka au inakaa kama fimbo usoni pa mtu?

Namba moja kwangu ni Grand Seiko, na sifichi, nawapenda hawa Wajapani. Ile SBGA211 wanayoiita Snowflake uso wake ni kama theluji iliyopigwa na upepo, mweupe juu ya mweupe, ungedhani mishale itapotea kabisa, lakini imekatwa kingo kali, ukigeuza mkono kidogo tu upande mmoja unashika mwanga na mwingine unakuwa mweusi, unaiona hata chumba kikiwa na taa hafifu. Mshale wa sekunde ni wa bluu na hauruki-ruki, unateleza kimya kimya mzunguko mzima. Nimewahi kukaa na ya rafiki yangu mkononi nikautazama huo mshale mpaka chai ikapoa. Kama unataka mchoro uliokolea zaidi chukua SLGH005 ya 2021, uso umechongwa kama magome ya ile miti myeupe iliyo karibu na kiwanda chao cha Shizukuishi, huko huko Japani, na mshale wa saa ni mpana, haufanani hata kidogo na wa dakika. Gizani kabisa zote mbili hazing'ai, hilo lijue mapema.

Ya pili Omega Speedmaster ya Snoopy, yule mbwa wa katuni, ya 2020. Mishale ya bluu juu ya uso wa fedha, yaani hivyo ndivyo inavyotakiwa, na Snoopy mwenyewe amekaa kwenye kiduara cha kushoto hasumbui mtu.

Ya tatu Oris ProPilot X ya Kermit, yule chura kikaragosi wa kwenye TV. Uso kijani kitupu, hamna mchoro wa kupigana na mishale, chura anatokea kwenye kidirisha cha tarehe kila tarehe 1 basi, siku nyingine unaona namba tu.

Pont des Amoureux ya Van Cleef & Arpels naiweka ya nne, na moyo unaniuma. Badala ya mishale kuna vijisanamu viwili, mwanamke anaonyesha saa, mwanaume dakika, wanasogeleana darajani mpaka saa sita, mchana na usiku, wanabusiana halafu kila mmoja anarudi mwanzo. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho, ila dakika kamili utakisia. Joker ya fundi saa Mrusi Konstantin Chaykin vilevile, uso wake ni sura ya mtu, jicho moja saa, jicho jingine dakika, ulimi unaonyesha mwezi wa angani ulivyo. Kwa mwenye haraka hapana.

Ukiwa na bajeti ndogo tafuta Seiko Presage za Cocktail Time, zinasomeka.

Sasa wauzaji. Angalieni picha zao, karibu zote mishale iko saa nne na dakika kumi, imefunguka kama mbawa chini ya taa za studio, halafu nyingine wala si picha, zimechorwa kwenye kompyuta. Muombe akutumie video ya saa ikiwa saa sita na nusu, karibu na dirisha, aigeuze geuze. Wengi watakurudishia picha ile ile ya tangazo, na hapo ujue jibu umeshapata. Kuna na wale wa kukwambia toleo ni la idadi maalum, lipia leo kesho haipo, au eti ununue kwanza saa mbili za kawaida ndio uingizwe kwenye foleni ya unayoitaka! Aliyeniuzia mimi nilimrudia siku ya tatu nikiwa na boksi na karatasi zote, akasema hapokei kwa sababu nimeshabandua nailoni ya kwenye kioo. Sasa ningeionaje mishale bila kuibandua?